UZI: Staftahi na safari ya dau ya bure kwa kukaa kwenye mkutano wa taimshea hapa Mombasa. Inalipa au hailipi?

Mchanga wa Shanzu (mwanzisha uzi)

Wadau salaam. Desemba inabisha hodi, jamaa wa bara washaanza kugombania tiketi za SGR, na kule kwenye uzi wa nyumba za kukodi Bamburi naona watu wanaulizia zile simu za "hongera, umeshinda likizo". Mimi na mama watoto tumehudhuria mikutano hiyo mara kadhaa, hapa kaskazini na kule Diani. Wiki hatujanunua na hatutanunua. Nasema haya mapema ili muuzaji akipita humu asijisumbue kuniandikia faraghani.

Kwa asiyejua: taimshea ni kununua zamu. Unalipa pesa nyingi leo upate haki ya kulala kwenye nyumba ya hoteli wiki moja kila mwaka, kwa miaka mingi, mikataba mingine ni ya maisha na inarithiwa na watoto. Biashara ilianzia Ulaya miaka ya 1960, Wamarekani wakaipanua, na mwaka 1974 ikaanzishwa RCI kule Indianapolis, kazi yake kuwabadilishia watu wiki zao: mwenye wiki Florida akalale Uhispania. Ndiyo maana mezani utaambiwa "ukinunua Mombasa umenunua dunia". Si uongo mtupu. Ila hutaambiwa kwa sauti kwamba kubadilisha kuna ada yake na uanachama una ada yake, na wiki yako ya Mei, masika yanamwagika na bahari imejaa mwani, hakuna wa kuipokea akupe Krismasi ya Ulaya.

Watakupata wapi? Mara nyingi ni kwenye maduka makubwa. Kuna meza, sanduku la kioo, picha ya gari au televisheni, na kikaratasi cha kujaza: jina, simu, umeoa au hujaoa, unafanya kazi gani. Huko kuulizwa kama umeoa ndiko kungekushtua, maana gari la bahati nasibu halihitaji cheti cha ndoa. Siku chache baadaye dada mwenye sauti tamu anakupigia. Ukiwa ufukweni, pale Pirates au Nyali, anakuja kijana mwenye fulana safi na kadi za kukwaruza. Mkeo anakwaruza anapata "asante kwa kushiriki", wewe unakwaruza unapata zawadi kubwa, na kijana anaruka kama yeye ndiye aliyeshinda. Kila watu wawili wanaokwaruza, mmoja hushinda.

Masharti ni yale yale popote: mje mume na mke pamoja, muwe na kipato, mbebe vitambulisho na kadi ya benki, mkae "dakika tisini". Zile dakika zihesabu kwa saa ya feri ya Likoni siku ya sikukuu. Sisi tumeingia saa tatu asubuhi tukatoka adhuhuri ikiadhiniwa.

Nieleze kidogo mle ndani. Staftahi ni nzuri, sitawasingizia: mahamri ya moto, mayai, matunda, juisi ya ukwaju. Watoto wanachukuliwa chumba cha katuni. Anakuja muuzaji wenu, naye kwa nusu saa hasemi neno la kuuza. Anauliza mlikutana wapi, mtoto wa kwanza ana miaka mingapi, likizo gani mliifurahia kuliko zote. Kila mnachomwambia anakiandika, na kila alichoandika mtakisikia tena saa mbili baadaye: "Mama si ulisema unataka watoto waione bahari kila mwaka?" Kisha mnatembezwa nyumba ya mfano, ile yenye roshani inayotazama maji. Mnarudi mezani. Anatoa karatasi tupu na kalamu, na hapa nilimvulia kofia, anaandika tarakimu kichwa chini miguu juu ili zikuelekee wewe. "Likizo moja mnatumia ngapi? Elfu sitini? Mara miaka ishirini." Milioni moja na laki mbili. Anaizungushia duara, ananyamaza, anawaacha mtazame.

Bei ya kwanza ilikuwa laki tisa. Tulipokataa akaja mkubwa wake, ikawa laki sita na nusu. Tulipokataa tena akaja mama mmoja mpole ati anajaza fomu ya maoni tu, na kwenye fomu ya maoni mlikuwa na laki tatu na themanini, "kwa leo tu, mkitoka mlangoni hii bei nimeifuta". Katikati ya hayo meza ya jirani wamenunua, kengele ikapigwa, ukumbi mzima ukapiga makofi.

Basi na mimi nikaomba kalamu. Laki tatu na themanini, jumlisha ada ya matunzo elfu thelathini kila mwaka kwa miaka ishirini, hiyo ni laki sita. Jumla elfu mia tisa na themanini. Gawa kwa wiki ishirini: elfu arobaini na tisa kwa wiki, elfu saba kwa usiku, na hapo nimejifanya ada haitapanda hata shilingi, na sijagusa nauli wala chakula. Kwa elfu saba kwa usiku msimu usio na wageni, nyumba ya vyumba viwili Bamburi unachagua, na mwakani ukitaka kwenda Kisumu hakuna wa kukudai. Yule mama akatabasamu akasema, "Baba wewe ni mhasibu?" Nikamwambia nauza vipuri vya pikipiki.

Zawadi tulipewa. Moja ilikuwa chakula cha jioni cha watu wawili, tulikila tukashiba. Nyingine ilikuwa vocha ya kulala siku mbili, na hiyo ndiyo nataka mjihadhari nayo kuliko hata muuzaji: si halali Desemba, si halali Pasaka, si halali wikendi, lazima ulipie chakula cha lazima kwa kila mtu, uweke nafasi siku nyingi kabla. Hesabu ya chakula peke yake ilizidi bei ya chumba kwa mtu wa kawaida. Mimi sasa naenda tu kama zawadi ni kitu cha kushika mkononi siku ile ile. Kadi ya benki inabaki nyumbani, M-Pesa haina kitu cha maana, na mimi na mama watoto tunakuwa tumeshakubaliana garini nani atasema hapana. Ni yeye. Mimi ni laini.

Wa Bara Damu

Nimecheka hapo kwa vipuri. Swali: mimi sijaoa, niko na mpango wa kushuka na dada yangu wa kuzaliwa. Tukijifanya wachumba?

Mchanga wa Shanzu

Wataomba vitambulisho, na jina la baba mtakuwa nalo moja. Halafu muuzaji akianza "mlikutana wapi" mtajibu nini, wodi ya wazazi?

Fulana Safi

Mimi nimeifanya hiyo kazi ya kadi za kukwaruza misimu miwili, niko kazi nyingine sasa alhamdulillahi. Niwape upande wa pili.

Yule kijana wa ufukweni hana mshahara. Analipwa kwa kichwa, na kichwa maana yake ni wenzi wawili waliotimiza masharti WAKAKAA mpaka mwisho. Mkiondoka dakika ya arobaini, hapati kitu, jua lote lile la bure. Ndiyo maana anawasindikiza mpaka kwenye tuktuk na nauli anailipa yeye. Na ndiyo maana atawaambia "hakuna kuuziwa chochote, ni kutembezwa tu". Anajua si kweli. Kodi ya nyumba Mshomoroni haingoji.

Ndani nako wanaouza wanaishi kwa kamisheni. Wa kwanza kazi yake ni kuwapendeza, wa pili kazi yake ni kushusha bei, wa tatu kazi yake ni kuhakikisha hamtoki bila kuacha hata kifurushi kidogo cha majaribio. Zile bei tatu zilizoandikwa na mwanzisha uzi zimepangwa asubuhi kabla hamjaamka. Hakuna mkubwa aliyepigiwa simu. Kengele nayo, mara nyingine inapigwa kwa mtu aliyelipa amana ya elfu kumi tu akisubiri kufikiria.

Kitu kimoja nawaomba: mkishaamua hamtaki, msimtukane yule wa kwanza. Mwambieni mapema, kwa upole, "tumekuja kusikiliza, hatununui leo". Kuna wauzaji wengine wakisikia hivyo wanashukuru, wanafupisha, wanawasainia kikaratasi cha zawadi, wanakimbilia meza nyingine yenye matumaini.

Bi Saumu wa Kibokoni

Assalaam aleikum. Wanangu, nisamehewe kama nitaonekana mkali. Nyote mnaeleza jinsi ya kula cha mtu huku nia ya kununua hamnayo tangu nyumbani. Huyo mwenye hoteli katoa chakula kwa kutaraji. Mkono mtupu haulambwi, sawa, lakini kuulamba wenye kitu huku umeshaazimia kuondoka, hiyo si hila? Mimi mtoto wangu akija na zawadi ya namna hiyo ningemuuliza kaipataje.

Mchanga wa Shanzu

Waaleikum salaam bi mkubwa, shikamoo. Hoja nzito, na nimewahi kuijadili na mama watoto. Naona hivi: sharti lao walilonipa wao wenyewe, kwa maandishi, ni nije na mke wangu, nikae, nisikilize. Hawakuandika ninunue. Nimekaa, nimesikiliza, asubuhi yangu yote ya likizo imekwenda. Hicho chakula ni ujira wa kukaa. Na wao wanajua wengi wetu hatutanunua, gharama ya mahamri yangu imo kwenye bei ya yule aliyenunua.

Mpaka wangu uko kwenye kusema uongo. Anayedanganya kipato, anayejifanya kaoa, anayeahidi "kesho naleta pesa" ili apewe vocha, huyo simtetei.

Bi Saumu wa Kibokoni

Marahaba. Nimekuelewa. Hilo la mahamri kulipiwa na aliyenunua ndilo linanikera zaidi, lakini haya.

Kaka wa Ng'ambo

Naandika nikiwa Marekani, kwetu ni Kongowea. Huku mambo haya ni makubwa zaidi. Ukienda Orlando, barabara ya kuelekea Disney imejaa vibanda vya "tiketi za punguzo", na nyingi ya hizo tiketi unapewa kwa sharti la kwenda kusikiliza mkutano asubuhi. Las Vegas wanakusimamisha kwenye njia ya miguu wanakupa tiketi za maonyesho au chakula. Tofauti na huko nyumbani, huku mara nyingi wanakuchukulia amana ndogo ya kuhakikisha utafika, unarudishiwa ukifika. Zawadi zinakuja kweli, hilo niseme. Presha ni ile ile, na mama wa fomu ya maoni yupo vile vile, nilidhani ni wa Mombasa peke yake!

Florida sheria inampa mnunuzi siku kumi za kuvunja mkataba. Ulaya, kwa agizo la mwaka 2008, ni siku kumi na nne, tena katika siku hizo muuzaji haruhusiwi kupokea hata amana. Sijui kwetu ikoje, mwenye ujuzi aseme.

Wakili wa Baraza

Kwetu ipo, watu hawaisomi. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inataja mikataba ya taimshea kwa jina lake. Mkataba lazima uwe wa maandishi na mnunuzi akabidhiwe nakala. Baada ya kuipokea nakala, ana siku kumi za kuuvunja bila kutoa sababu yoyote. Huhitaji kujieleza kwamba mtoto anaumwa au umefutwa kazi.

Kwa aliyesaini Jumamosi akaamka Jumapili moyo unamdunda: usipige simu tu. Ukipiga simu utaunganishwa na mtu ambaye kazi yake ni kukubembeleza mpaka siku ziishe, atakwambia meneja yuko safarini, rudi Alhamisi tuzungumze. Andika barua, taja namba ya mkataba na tarehe uliyopokea nakala, sema navunja mkataba na nataka pesa zangu. Itume kwa barua pepe, na nakala nyingine ipeleke mwenyewe wakugongee muhuri wa kupokea. Wakikataa kugonga, nenda na shahidi na upige picha. Na usiondoke siku ya kusaini bila nakala mkononi, hata wakisema mashine ya kurudufu imeharibika.

Lingine, hizo kuponi za sanduku la kioo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Namba yako ikianza kupigiwa kila wiki na watu usiowajua, una haki ya kuwaambia waifute, na wakikaidi kuna ofisi ya Kamishna wa Data ya kupeleka malalamiko.

Fulana Safi

Wakili umenena. Ile hadithi ya meneja yuko safarini nimeisikia kwa masikio yangu.

Mjukuu wa Mzee Tudor

Mimi nitaongelea walionunua, maana humu mnazungumza kama wote wanaponyoka.

Babu yangu mdogo alinunua wiki alipostaafu bandarini. Miaka ya mwanzo tulifurahia, siwezi kukana, harusi ya shangazi tuliifanyia huko. Tatizo ni ada ya matunzo, inadaiwa kwa dola. Pensheni yake ni ya shilingi. Mwanzoni mwa 2024 dola ilipopita shilingi 160, ile ada ilimkaa kooni. Hoteli yenyewe rangi imebambuka na bwawa la watoto limekauka, ila bili inafika bila kuchelewa. Akajaribu kuuza. Hakuna anayenunua wiki ya mkono wa pili, kwa sababu wa kununua wote wako kwenye ile staftahi wakiuziwa mpya. Tukaitangaza mitandaoni kwa bei ya kutupa, kimya.

Halafu simu zikaanza. Mtu mwenye Kiingereza cha kunyooka anasema ana mnunuzi Dubai, tayari, bei nzuri kuliko aliyonunulia mzee, kinachohitajika ni mzee atangulize ada ya uhamisho. Namba ya mkataba wanayo, mwaka wa kununua wanao. Mzee alikuwa ameshatoa simu alipe, nikamnyang'anya. Wiki iliyofuata akapiga mwingine, huyu ati ni mwanasheria wa kuwatoa watu kwenye taimshea, naye anataka kutangulizwa. Mwenye mnunuzi wa kweli akate ada yake kwenye pesa za mnunuzi. Akitaka utangulize, kata simu.

Wakili wa Baraza

Pole kwa mzee. Tafuteni ule mkataba wa asili muone kama una kifungu cha kuisalimisha wiki kwa hoteli yenyewe. Wengine wanakubali mwanachama asiye na deni airudishe bila kulipwa chochote. Si haki kamili, lakini bili inakoma. Na mrithi halazimiki kuingia kichwa kichwa, ongeeni na wakili wa mirathi kabla yeyote kati yenu hajasaini kitu kwa jina lake.

Mjukuu wa Mzee Tudor

Shukrani sana. Mkataba uko kwa shangazi, nitaufuata kesho.

Nahodha Mstaafu

Nyinyi vijana mnajitesa. Asubuhi nzima ya likizo unakaa ukumbini kwenye feni kwa ajili ya safari ya dau? Nenda pwani, ongea na wenye madau, shirikianeni wanne watano, mtafika mkondoni mrudi na samaki. Mahamri na mbaazi yako kila mtaa. Fort Jesus pale imesimama tangu Wareno wa 1593, kiingilio cha mwananchi hakimuumizi mtu, huhitaji kuja na mke.

Wa Bara Damu

Mzee kanimaliza. Dada yangu anasema twende Fort Jesus.

Mchanga wa Shanzu

Nahodha una haki, na mwenye siku tatu tu za likizo asithubutu, asubuhi moja ni kubwa kwake. Mimi ninakaa hapa hapa, asubuhi ya Jumanne dukani sina mteja, ndiyo maana kwangu hesabu inakubali.

Chumvi ya Bamburi

Nimerudi na mrejesho, maana niliusoma uzi huu usiku wa kuamkia mwaliko wangu. Tulienda na mume wangu. Kila kitu kama kilivyoandikwa humu, hadi kalamu ya kichwa chini. Tuliwaambia mapema hatununui, muuzaji wetu, kijana mpole tu, akatufupishia kweli. Mama wa fomu ya maoni alikuja, mume wangu akacheka kabla hajaketi, naye akacheka.

Kwenye zawadi ndiko kulikuwa na kazi. Walitoa vocha ya kulala siku mbili. Nikasoma nyuma, hakuna tarehe ya mwisho, kuna "masharti yatatumika". Nikamwambia dada wa mapokezi aniandikie hapo hapo tarehe, bei ya hicho chakula cha lazima, na agonge muhuri. Akaingia ndani kuuliza. Akakaa. Akarudi na bahasha: ati vocha zimekwisha, tupokee elfu tatu taslimu tusaini kitabu. Tukasaini. Tumepitia Mtwapa tukanunua nyama choma.

Fulana Safi

Hiyo bahasha huwa ipo siku zote. Ni ya wanaouliza.